Meza Yenye Miguu ya Mbao

Mheshimiwa Diwani Ewald Prechtl, mgeni wetu rasmi, Inspekta Gschwend wa polisi, Baba Paroko, mabibi na mabwana mliokuja na mvua hii ya Novemba bila kutafuta visingizio, ndugu zangu wafanyakazi wa gazeti la Jogoo wa Bati, na wewe, Bwana Leonhard Zirngibl, uliyejibanza karibu na jiko kana kwamba sherehe hii ni ya mtu mwingine: nawasalimu nyote, na karibuni sana. Na kabla sijasahau, namsalimu Konstebo Aubele, ambaye wiki hii nzima ameketi kwenye kigoda kando ya mashine yetu ya kuchapa, kwa amri, asiondoke hata kwenda kujinyoosha. Konstebo, karibu juu. Leo hata Mheshimiwa Diwani mwenyewe amesema, "Mwacheni naye aje anywe supu, jamani, ni binadamu." Kula, baba. Matonge ya maini bado yapo.

Mimi ni Walburga Ammon. Gazeti hili nimelirithi kwa baba yangu, pamoja na kikohozi chake. Ratiba mnayo mikononi: kwanza supu, pili hotuba ya mwenye nyumba, tatu jiwe. Mheshimiwa aliipitia mwenyewe na kuipigia muhuri, kwa hiyo hakuna wa kuibadilisha. Nami nashukuru kwamba tunaishi katika nchi ambayo mtu anaweza kuikatiza misa akasamehewa, lakini hotuba iliyomo kwenye ratiba haikatizwi na yeyote. Basi, kaeni vizuri. Nina mengi ya kusema, na sina haraka hata kidogo.

Kuna wageni hapa ambao hawajawahi kushuka kwenye chumba cha mashine kilicho chini ya miguu yetu, kwa hiyo niseme jambo moja ili twende pamoja. Bwana Zirngibl hachori kwenye karatasi. Anachora kwa chaki ya mafuta juu ya jiwe, jiwe la kijivu, zito, lililolainishwa mpaka likawa kama shavu la mtoto. Wino unashika palipo na mafuta tu, karatasi inalazwa juu, mashine inakanyaga, na picha inatoka. Wiki ikiisha, jiwe linasuguliwa kwa mchanga na maji mpaka picha ife, ili lichorwe tena. Kila dubwana alilolizaa mtu huyu kwa miaka yote hii limekufa kifo hicho. Na mwenzetu anapostaafu, desturi ya nyumba hii ni kwamba jiwe lake la mwisho linabebwa na wanaume wanne, linapandishwa hapa ukumbini, naye anamwaga maji, na mgeni rasmi anasugua.

Safari hii, sote tunajua, si desturi peke yake. Picha iliyo juu ya jiwe hilo haijatoka gazetini, na Mheshimiwa Diwani hataki itoke. Likishasuguliwa, basi, imekwisha, hakuna jiwe la pili wala picha ya pili. Bwana Zirngibl anajua hivyo, na ndiyo sababu hajagusa bia yake.

Naona glasi zinacheza mezani. Msiogope, nyumba haianguki. Ni mashine, chini. Bwana Nothaft, msimamizi wetu, ana kazi ya haraka ya lebo za jibini, zile zile ambazo Konstebo Aubele amezilinda wiki nzima, na mkokoteni wa posta haumsubiri mtu. Akimaliza, yeye na vijana wake watapandisha jiwe. Ngazi zetu ni nyembamba, mnazijua, mmezipanda mkiwa mnahema. Tuvumiliane.

Nilikuwa nasema nini? Eeh, Bwana Zirngibl.

Alikuja kwetu vita vilipokwisha, koti la jeshi limekatwa vifungo, macho yanatazama huku na huku kama mtu anayetafuta njia ya kutokea. Baba yangu akamuuliza, "Unachora nini?"

"Wanyama."

"Wanyama tunao wengi hapa. Wanyama gani?"

"Wale wanaokula kwa uma na kisu."

Baba alicheka mpaka kikohozi kikamshika, na nilipomletea maji akaniambia, "Walli, mpe huyu meza iliyo karibu na dirisha kabla hajaenda kwa wengine." Ndivyo alivyoajiriwa. Hakuna cheti kilichoulizwa, na sidhani kama alikuwa nacho.

Mnayakumbuka madubwana yake? Mwenye nyumba aliyekuwa jiko la chuma, anafungua mlango wa tumbo anatia wapangaji mmoja mmoja, anapiga mbweu, halafu anapandisha kodi? Hakimu mwenye miguu ya kuku, anayeatamia mafaili mpaka yanaanguliwa yakiwa mafaili mengine? Jenerali aliyetoka kwenye yai la bata bukini akiwa tayari ana masharubu na medali, anadai aletewe vita vingine kwa sababu vile vya kwanza hakuvionja vizuri? Tulicheka, sivyo? Halafu tukafika nyumbani, tukavua viatu, tukaogopa kuzima taa. Mimi niliwahi kuamka usiku nikaliogopa jiko langu mwenyewe. Nilimwambia kesho yake, "Bwana Zirngibl, utatuua kwa hofu." Akasema, "Dada Walli, mimi naogopa kwanza, nyinyi mnaogopa baadaye. Nani ana nafuu?"

Na mnajua alikokuwa akitoa viungo vya madubwana hayo? Sokoni! Kila Jumamosi alikwenda kwa Mama Rosina, yule muuza nyama, yupo pale nyuma anajificha, akanunua pua ya nguruwe, kwato, mara nyingine sikio la ndama. Alivipanga mezani, akavichora, akavipachika kwenye makoti ya heshima, halafu, jamani, akavipika na kabichi akavila. Mama Rosina alikuwa akimkebehi mbele ya wateja: "Leo unataka nani, Zirngibl? Meneja wa benki au mwalimu mkuu? Mwalimu mkuu ana mafuta kidogo!" Naye anajibu bila kutabasamu, "Nipe meneja, lakini umkate shingo, wiki iliyopita hakuiva."

Msidhani watu walikuwa wanachukia. Hapana! Katika mji huu, kuchorwa na Zirngibl ilikuwa kama kualikwa arusini. Mke wa meya wa zamani alikuja ofisini kwangu na kofia yake ya manyoya, akaketi, akalia. Nikamuuliza, "Mama, tumekukosea nini?" Akasema, "Amemchora mke wa mfamasia akiwa chura, na mke wa daktari akiwa beseni lenye meno. Mimi nina nini, hata nirukwe?" Tulimbembeleza sana yule mama. Wiki iliyofuata alitoka akiwa kinanda kinachotembea, meno meusi na meupe, akanunua nakala za kuwapelekea ndugu zake mpaka Stuttgart.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, utaona kwamba wewe ni wa kwanza kukasirika. Nalisema hilo kwa heshima. Naona unatazama saa yako. Saa nzuri. Ukumbini hatuna saa, baba yangu aliiondoa kwa sababu wageni walikuwa wanaitazama, kwa hiyo usitusomee, tafadhali, utatuharibia raha.

Sasa nije kwa kaka yangu, Veit.

Wengi mlimjua. Mguu wake wa kushoto ulibaki Ufaransa, na ule wa mbao aliopewa ulipasuka kwenye goti mwaka wa pili tu, akauziba mwenyewe kwa bati la kopo la dagaa. Bati lile lilikuwa bado lina picha ya samaki. Akitembea, lilikuwa likitoa mlio, na watoto wa mtaani wakimsikia wanasema, "Bwana Dagaa anakuja!" naye anawafukuza kwa fimbo huku anacheka kuliko wao. Kila asubuhi alikaa kwenye ngazi za uwanja wa soko na wenzake wa vita, mmoja hana mkono, mwingine taya limejengwa upya, mwingine anatetemeka hata kiangazi. Walicheza karata. Waliwapigia miluzi wasichana. Hawakumwomba mtu kitu.

Veit na Zirngibl walikuwa kama pete na kidole. Na miaka yote hiyo kaka yangu alikuwa akimsumbua jambo lile lile: "Nichore basi, we mchawi! Umewachora matajiri wote, sisi tuna kasoro gani? Nipe miguu mitano, nijilipizie!"

Zirngibl anasema, "Sikuchori."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mimi nachora madubwana, na wewe ni mtu. Kaa kimya, cheza karata yako."

Veit alinung'unika, lakini nilimwona anavyonyanyua kichwa kila alipojibiwa hivyo. Nadhani alikuwa anauliza ili ajibiwe tu.

Mmenyamaza. Vizuri, kunyamaza kunasaidia usagaji wa chakula. Bwana mpiga picha, usifunge kamera yako, jiwe linakuja. Inspekta, naona umemnong'oneza konstebo. Kama anataka kushuka kutazama lebo za jibini, mwambie angoje, nakaribia kumtaja na yeye, na itakuwa aibu mtu akatajwa hayupo. Hotuba bado imo kwenye ratiba.

Siku ya kuzindua mnara wa mashujaa wetu, mwezi Oktoba, mvua ilinyesha kama hii ya leo. Wewe, Mheshimiwa, ndiye uliyekuwa mwenyekiti wa kamati, na ulifanya kazi kubwa, kila mtu anakiri: hema, bendi, maua, meza ndefu ya karamu, bata bukini wa kuokwa. Na asubuhi ile, kabla wageni kutoka Munich hawajafika, wale waliokaa kwenye ngazi walitazamwa na kamati, na ikaonekana kwamba hawafai kuwa kwenye picha. Mashujaa wa jiwe walikuwa na miguu yote miwili. Hawa wa nyama walikuwa wanaharibu mpangilio. Lori la kiwanda cha bia likaja, wakaambiwa, "Pandeni, wazee, ni kwa muda tu, mtarudishwa wakati wa chakula." Wakapandishwa, mmoja mmoja, kwa kusukumwa nyuma, wakashushwa kwenye uwanja wa matofali ng'ambo ya mto, mahali ambapo hakuna hata paa. Halafu lori likaenda kubeba viti vya karamu. Na viti vilikuwa vingi, na karamu ilikuwa ndefu, na hakuna mtu aliyewakumbuka.

Kaka yangu alirudi kwa miguu. Kwa mguu mmoja wa nyama na mmoja wa mbao, kilometa zote zile, katika matope. Nilifungua mlango nikamkuta ameegemea ukuta, maji yanamtiririka puani, na bado anacheka, mjinga wangu. Akasema, "Walli, wametufanyia sherehe, lakini wamesahau kutualika." Mapafu hayakungoja. Tulimzika kabla wiki haijakwisha, katika kaburi la kawaida, na magazeti mengine ya mji huu, yote, yaliandika juu ya bata bukini: jinsi alivyookwa, ndani alijazwa nini, nani alipewa paja. Habari za lori hazikuandikwa hata na gazeti moja. Mimi mwenyewe nilipeleka habari hiyo kwa wenzangu wahariri, na wote walinipa pole, wakaniuliza kama nina uhakika ni mvua iliyomwua.

Nina hasira, ndugu zangu. Nawaambieni waziwazi ili msihangaike kukisia. Nimevaa gauni zuri, nimetia poda, na nina hasira mpaka vidole vya miguu.

Bwana Zirngibl hakuja mazishini. Alijifungia na jiwe. Alipotoka, mikono ilikuwa inamtetemeka kiasi kwamba daktari amesema haitatulia tena, na hivyo hata bila Mheshimiwa ile ingekuwa kazi yake ya mwisho. Nikatazama. Niliiona meza, meza ya karamu, imevaa kitambaa cheupe kama tumbo, na meza hiyo inatembea, inavuka uwanja, inamwaga mchuzi, ina mdomo uliojaa visu na inaimba. Juu yake ameketi bata bukini mwenye medali, anakula kwa uma. Kichwani pa meza kuna shingo nene, nyekundu hata bila rangi, imefungwa kitambaa cha kulia, na juu ya shingo hakuna kichwa. Na meza inatembea kwa nini? Kwa miguu ya mbao. Mingi, imejipanga kama ya tandu. Na mmoja, wa mbele, umezibwa gotini kwa bati lenye picha ya samaki.

Nikamwambia, "Umemchora Veit."

Akasema, "Mguu tu. Mtu mwenyewe walikuwa wameshamwondoa." Halafu akalia.

Tuliitundika nakala ya majaribio dirishani, kama kila Alhamisi. Watu wakajaa, wakacheka, wakaacha kucheka. Hakuna aliyetaja jina la mtu. Shingo haina kichwa, wangemjua nani? Ndipo gari lako, Mheshimiwa, likasimama, ukashuka, ukawapangua watu kwa fimbo, na ukapiga kelele mbele ya mtaa mzima: "Hiyo ni shingo yangu!" Lo! Tangu hapo kila mtu anajua ni ya nani.

Kisha ukaja na wakili, ukaichukua nakala ile, na tukapatana. Ungeweza kumpeleka Zirngibl mahakamani, hukufanya hivyo, na nashukuru. Ungeweza kulisugua jiwe siku ile ile, chumbani, mchana, bila mtu. Na kwa nini hukulisugua? Kwa sababu ulitaka wageni. Ulitaka ukumbi, supu, mpiga picha, na hotuba ya kukusifu. Ukaweka masharti yako: Zirngibl astaafu, jiwe lisitoke nje ya jengo hili, jiwe lisuguliwe hadharani leo, mara baada ya hotuba. Nikatia sahihi. Nimeyatimiza yote, na nitayatimiza mpaka la mwisho, kwa sababu mimi ni binti wa baba yangu na neno langu ni neno.

Sikilizeni.

Mmesikia? Glasi zimetulia. Mashine imenyamaza.

Na hiyo, uani? Ni kwato za farasi, na magurudumu juu ya mawe. Ni mkokoteni wa posta. Usikimbilie dirishani, Konstebo, mkokoteni umeshatoka getini, na treni ya Nuremberg iko kituoni inapiga filimbi. Kaa, baba, maliza bia yako, hukukosa kitu. Wewe uliambiwa uje unywe supu, ukaja ukanywa supu.

Lebo za jibini, Mheshimiwa, tulizimaliza jana.

Naona umesimama. Naona na shingo ilivyo. Mpiga picha, unaiona? Ngoja kidogo, hotuba haijaisha, na nimebakiza maneno machache tu. Jiwe halijatoka nje ya jengo hili hata mara moja. Hao hapo wanapanda nalo ngazi, mnawasikia wanavyohema. Bado lina wino mbichi, kwa hiyo jihadharini na mikono ya mashati. Zilizotoka ni karatasi tu, na habari za karatasi hukuniuliza. Kesho asubuhi watu wa Nuremberg, na Munich, na Stuttgart kwa ndugu wa yule mama wa kinanda, watafungua gazeti wakinywa kahawa, na ile miguu mliyoiondoa uwanjani itaingia mezani kwao. Mimi najua mtakuja asubuhi kufunga mlango huu. Inspekta, njoo mapema, nitakuwa nimeamka, na kahawa itakuwepo.

Bwana Zirngibl, simama, tafadhali. Umetutisha kwa miaka mingi na tumekula mkate wetu kwa kutishwa huko. Ulisema huwezi kumchora kaka yangu kwa sababu ni mtu. Nilikuelewa. Nenda kapumzike, na Jumamosi ukienda sokoni, nunua nyama ya kula tu. Sasa chukua jagi la maji. Wewe, Mheshimiwa Diwani, mchanga huu hapa. Jiwe ni lako, nimekuahidi, lisugue unavyotaka, sugua mpaka ufike upande wa pili. Anza na mguu wa mbele, ule wenye samaki.

Kwa Konstebo aliyepanda kula, kwa mafundi waliobaki chini na njaa, kwa nyote mliotulia kwenye viti vyenu kama watu wenye adabu, na zaidi ya wote kwako, Mheshimiwa, ambaye hukunikatiza: asanteni kwa kunisikiliza mpaka mashine ikanyamaza.